Safari ya Wete na Habari za Pora na Mtetea

Msimu wa karafuu uliopita tulijaaliwa kuvuka kutoka Unguja kwenda Pemba, kumzuru shangazi yetu akaaye shamba, si mbali na mji wa Wete. Tulishuka Mkoani mchana, tukapanda gari la abiria, tukaipita Chake Chake, na kote njiani harufu ya karafuu zilizoanikwa juu ya majamvi ilitulaki kabla ya watu. Asiyekijua kisiwa hiki hudhani ni tambarare kama pande za mashariki ya Unguja. La, Pemba ni vilima na mabonde. Juu mikarafuu, chini mpunga, na barabara hupanda na kushuka hata mtu aliyevuka bahari salama akageukwa na tumbo nchi kavu. Tufani ya mwaka 1872, iliyoiangusha mikarafuu mingi ya Unguja, haikuipata Pemba kwa ukali ule, na tangu hapo karafuu nyingi za visiwa hivi hutoka huku. Lakini hatukukusudia kuwasimulia wasomaji wetu habari za karafuu.

Tulipofika, tulimkuta shangazi amesimama uani na kopo la chenga za mchele mkononi, kuku wamemzunguka.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Mwakiona kikosi changu kilichobaki?"

Kikosi chenyewe kilikuwa tembe saba na jogoo mmoja. Shangazi ni mjane, alea wajukuu wawili waliofiwa na baba yao, na mayai ya kuku hao ndiyo yanunuayo sukari, sabuni na madaftari. Mwaka jana aliona bora aliongeze kundi. Alipita mchuuzi na sanduku la vifaranga nyuma ya baiskeli, akaapa kuwa wote ni majike. Shangazi alinunua 12 kwa fedha aliyoiweka akiba kwa sare za skuli. Kati yao tisa waliinukia kuwa pora. Walikula chakula cha miezi mitano, wakapigana mpaka wakatoana damu, wakawasumbua tembe hata utagaji ukapungua, na mwisho waliuzwa kwa bei isiyorudisha hata gharama ya pumba. Yule mjukuu mkubwa aliuanza mwaka wa skuli na shati la mwaka uliotangulia.

Sasa shangazi alitaka kuongeza tena, na alikuwa na hofu. Usiku ule, baada ya sala ya isha na kahawa, majirani walikusanyika barazani, na kila mmoja alikuwa na ilimu yake. Mmoja alisema yai lililochongoka hutoa jogoo na la mviringo hutoa jike. Wa pili alisema kifaranga akining'inizwa kwa miguu, jike huinua kichwa na dume hukiacha. Bibi mmoja mtu mzima alieleza habari ya pete iliyofungwa uzi, ambayo huzunguka juu ya jike na hupigapiga mbele na nyuma juu ya dume. Tuliwasikiliza kwa adabu, kwani wengine ni wakubwa zetu. Lakini umbo la yai hutokana na matumbo ya kuku anayelitaga, na tembe mmoja hutaga mayai ya namna moja mwaka mzima, akaangua majogoo na majike pamoja. Shangazi mwenyewe alikwisha kulijaribu jambo hili: alichagua mayai ya mviringo matupu, akamlaza tembe juu yake, na walioanguliwa walikuwa nusu kwa nusu kama kawaida. Ama pete, hiyo huufuata mkono wa mwenye kuishika.

Jirani mmoja akasema kwamba kosa ni la jogoo, kuwa mbegu yake ni ya kiume tu. Hapa ilitubidi kumtetea jogoo. Katika jamii ya ndege, jike ndiye mwenye chembe za namna mbili, na yai lake ndilo liamualo, kwa amri ya Mola, kama atatoka dume au jike. Jogoo hana lake. Kwa wanadamu mambo ni kinyume, mbegu ya mume ndiyo iamuayo. Tulilisema hili kwa sauti kidogo, kwa kuwa tuliwaona pale barazani wanaume wawili watatu ambao huenda waliwahi kuwanunia wake zao kwa kuzaa mabinti.

"Basi hakuna ajuaye kifaranga cha siku moja?" shangazi aliuliza.

Wapo wajuao. Wajapani ndio waliolivumbua jambo hili katika miaka ya 1920. Wataalamu Masui na Hashimoto walionyesha kwamba kifaranga akibanwa kwa uangalifu na kufunuliwa tundu la nyuma, ndani yake huonekana kichunusi kidogo mno ambacho kwa dume hutuna na kwa jike hufifia au hakipo. Habari hiyo ilitolewa mbele ya mkutano wa wafugaji wa kuku wa dunia uliofanywa Ottawa, Kanada, mwaka 1927, na baadaye Wajapani waliofunzwa kazi hiyo waliitwa nchi nyingi kuwachambua vifaranga, mamia kwa saa moja. Lakini ni kazi ya kusomea muda mrefu, na asiyeijua huweza kumwumiza kifaranga au kumwua. Tulimsihi shangazi asithubutu.

Ziko njia nyepesi zaidi, ila zina masharti. Wenye mashine za kuangulia huwapandisha wazazi maalumu ili watoto watofautiane. Ukimpandisha jogoo mwekundu wa Rhode Island juu ya tembe mweupe wa Light Sussex, majike hutoka na rangi ya hudhurungi na madume hutoka manjano hafifu. Ukimpandisha jogoo huyo huyo juu ya tembe wa milia wa Plymouth Rock, dume huzaliwa na baka jeupe utosini na jike hana. Na iko mbegu ambayo katika siku mbili tatu za mwanzo mabawa ndiyo yasemayo: kwa jike manyoya marefu ya bawa huyapita yale yanayoyafunika, na kwa dume yamelingana. Haya yote ni kweli kwa watoto wa wazazi hao tu. Kuku wetu wa kienyeji, ambao damu zao zimechanganyika tangu enzi za majahazi, hawafuati kanuni hiyo, na mtu akikufunulia bawa la kifaranga cha kienyeji na kukuapia, aapa juu ya asilolijua.

Asubuhi tulifuatana na shangazi mpaka sokoni Wete. Palikuwa na kijana mwenye matenga mawili: moja la vifaranga vidogo, la pili la kuku wa miezi mitatu hivi. Bei ya mkubwa mmoja ilitosha kununua vifaranga vitatu au vinne, na shangazi alisita sana. Tulikaa pembeni tukahesabu. Katika vifaranga 14 tarajia majike saba. Mwewe na kunguru wachukue wawili, kideri aje achukue wengine. Na madume nayo lazima yalishwe mpaka yajulikane. Baada ya hesabu hiyo alisimama mbele ya tenga la wakubwa.

Hapa macho yatosha, mradi mtu ajue pa kutazama. Kuanzia wiki ya tano au ya sita upanga wa pora huanza kukua na kuwa mwekundu, na wa mtetea hubaki mdogo, umepauka. Miguu ya pora ni minene zaidi. Alama iliyo bora kuliko zote hutokea karibu na miezi mitatu: manyoya ya shingoni na yale ya kiunoni, mbele ya mkia, kwa pora huchongoka na kung'aa kama yaliyopakwa mafuta, na kwa mtetea ncha zake ni za mviringo. Shangazi alimshika kila mmoja, akamgeuza juani, akampapasa kiuno. Aliwapata wanne asiowatilia shaka.

Wa tano alikuwa na damu ya kuchi: mrefu, kifua mbele, na kama ilivyo ada ya kuchi, upanga wake ni kitu kidogo kilicholala kichwani kisichosema lolote. Manyoya ya kiuno hayakuwa yamekamilika. Shangazi alimwuliza kijana, "Huyu je, mwanangu?"

Kijana alimtazama yule kuku, akamtazama shangazi. "Bi Mkubwa, huyu simjui. Nikikwambia jike, nitakuwa nimekudanganya."

Shangazi alimchukua kwa bei ya chini, kwa sharti walilokubaliana mbele yetu: akiwika, atarudishwa na kubadilishwa. Tulimwona uso umekunjuka kwa mara ya kwanza tangu tulipofika.

Nyumbani wageni hawakutiwa pamoja na wenyeji. Walitengwa wiki tatu nyuma ya jiko, na chombo chao cha maji mbali, kwa kuwa kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, mara nyingi huingia kwa kuku mmoja aliyetoka sokoni. Bwana mifugo alikuja akawatia wote tone moja la chanjo jichoni, wageni na wenyeji, akaagiza irudiwe kila baada ya miezi mitatu au minne. Tulimwachia shangazi wasia kwamba siku ya kuwachanganya awaingize bandani usiku, wakati kuku wamelala, waamke pamoja, ugomvi hupungua.

Tuliondoka siku ya tatu kwa gari la alfajiri. Mwezi na nusu baadaye mjukuu mkubwa alitupigia simu. Alisema mmoja wa wale wanne ameanza kutaga, mayai madogo, na bibi ameyaweka yote asiuze hata moja. Tukamwuliza habari ya kuchi.

"Bado hajawika," alisema. "Bibi huamka kabla ya adhana kumsikiliza."