Kahawa ya Nyumbani: Kopo la Ulaya au Gunia la Isangi?

Katika mji wetu wa Kisangani watu wengi hunywa chai asubuhi, na wengine hawanywi kitu mpaka jua limepanda. Lakini wapenda kahawa wapo, na wengine kati yao wamekwisha kupata lile birika dogo la Kiitalia la pembe nane, liitwalo moka. Wakiisha kulipata huuliza: tutie kahawa gani ndani yake, tupate ile nyeusi, nzito, yenye nguvu, kama wanavyokunywa watu wa Italia? Sisi wa nyumba hii tumejaribu nyingi, nasi twapenda kusema tuliyoyaona.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Espresso yenyewe hutoka katika mashine kubwa. Mwaka 1901 Luigi Bezzera wa Milano alipata hati ya kuilinda mashine yake ya mvuke, na baadaye Achille Gaggia, wa mji uleule, akatengeneza nyingine yenye mkono wa kuvuta, ndiyo iliyoleta lile povu la rangi ya dhahabu. Mashine ya namna hii husukuma maji kwa nguvu mara tisa ya uzito wa hewa. Birika la moka, lililotoka kwa Alfonso Bialetti mwaka 1933, halifiki hata robo ya nguvu hiyo. Kwa hiyo tusilidai povu la mkahawa wa Roma. Hutoa kahawa nzito na nzuri, basi, nayo yatosha.

Sasa makopo. Illy, iliyoanzishwa Trieste mwaka 1933, hutumia arabika peke yake. Ni laini, yenye harufu kama ya maua, na kopo lake hufungwa vizuri sana. Lavazza ya Torino ina namna nyingi. Ile ya pakiti ya dhahabu, Qualità Oro, ni arabika tupu. Ile nyekundu, Qualità Rossa, imechanganywa arabika na robusta. Katika birika letu ile nyekundu imeishinda ile ya dhahabu, maana ina uzito, hata ukitia maziwa haipotei. Ubaya wake ni mmoja tu: ikiisha kufunguliwa katika joto letu na unyevu wetu, baada ya wiki mbili harufu imekwenda zake, nawe umebaki na unga mweusi wa bei kubwa.

Na hiyo robusta inayotia uzito katika pakiti nyekundu, asili yake ni wapi? Ni mti wa misitu yetu! Mwaka 1900 hivi kampuni moja ya Brussels ilianza kuuza miche iliyotoka upande wa Lusambo, ikaipa jina la robusta, kwa kuwa mti ule ulikuwa na nguvu. Ikapelekwa mpaka Java, ambako ugonjwa wa kutu ulikuwa umekwisha kuharibu arabika. Kisha, tangu mwaka 1933, wataalamu wa INEAC huko Yangambi, kilomita 100 hivi chini ya mji wetu kwa njia ya mto, wakachagua miti iliyo bora, na mbegu zake zikaenda nchi nyingine. Mtu wa Tshopo anayenunua kahawa nzito ya Ulaya huenda anamnunua mjukuu wa mti wa babu yake.

Mbona basi kahawa yetu wenyewe ni haba? Sababu si moja. Mwaka 1973 mashamba ya wageni yalitwaliwa na kugawiwa watu, na mengi yakarudi kuwa msitu. Tena uko ugonjwa wa kunyauka, unaoletwa na kuvu inayoziba mishipa ya maji ndani ya mti. Majani hugeuka manjano, hukauka, na mti hufa umesimama. Dawa hakuna, hung'olewa ukachomwa papo hapo. Ugonjwa huu ulipiga Kongo kabla ya Uhuru, ukarudi upande wa Isiro katika miaka ya 1970, na mwaka 1993 ukaonekana Uganda.

Shangazi yetu, mjane, ana shamba upande wa Isangi. Ugonjwa ulimwachia miti michache, na kwa miti hiyo hulipa karo ya wajukuu wawili. Alipotuletea gunia lake la kwanza tuliikaanga, tukainywa, tukatazamana. Ilinuka udongo. Tungeweza kununua kwa huruma na kunyamaza, halafu tukanywa ile ya kopo. Ndivyo wafanyavyo watu wengi na jamaa zao, nao huita jambo hilo heshima. Lakini mnunuzi wa mjini hana huruma ya namna hiyo. Angempunzia bei mwaka kwa mwaka, na shangazi asingejua kwa nini. Tukamwambia. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, “Wanangu, mama yangu alianika chini, na Wazungu walinunua.” Hatukubishana naye. Tulimwonyesha vikombe viwili, chake na kingine cha robusta iliyoanikwa juu ya kichanja, tukamwacha aonje mwenyewe. Akaonja mara mbili.

Tangu hapo huchuma matunda mekundu tu, huyaanika juu ya kichanja cha matete, huyageuza mchana na kuyafunika usiku na wakati wa mvua. Kazi imeongezeka, hatuwezi kusema sivyo.

Kwa birika letu twachanganya vikombe vitatu vya robusta yake na kimoja cha arabika ya Kivu, ile ya milima ya Butembo au ya Idjwi. Robusta peke yake ni chungu, na nguvu yake ya kufukuza usingizi ni karibu mara mbili ya arabika. Wazee wenye moyo dhaifu na waangalie. Twakaanga polepole juu ya makala, kila aina peke yake, mpaka rangi ya mti wa msandali mweusi, kabla mafuta hayajatoka. Twaiacha siku mbili. Twasaga kidogo kidogo, si laini kama unga wa muhogo. Maji yawe ya moto tangu mwanzo, unga usishindiliwe, moto uwe mdogo, na birika liondolewe mara linapoanza kukoroma.

Kwa wale waendao Misa ya asubuhi: tangu Papa Paulo VI, mwaka 1964, mfungo wa Komunyo ni saa moja kabla ya kupokea. Maji hayauvunji. Kahawa si maji, hata iwe nyepesi namna gani.

Gunia la safari hii lilifika kwa mtumbwi juma lililopita. Tulichambua punje nyeusi, hazikujaza hata kiganja kimoja, na shangazi ametaka apelekewe kikombe kilichokwisha kupikwa.