SIKU MOJA KATIKA BUSTANI YA WAFALME, BEIJING

Ndugu msomaji, ukipata bahati ya kufika Beijing, mji mkuu wa Jamhuri ya Watu wa China, wenyeji watakuuliza kwanza kama umekwisha kuuona Ukuta Mkuu, na pili kama umekwisha kuitembelea Yiheyuan. Ukuta niliuona siku ya mvua na ukungu, kwa hiyo sina mengi ya kusimulia. Leo nitakueleza habari za Yiheyuan, bustani ya wafalme wa zamani ambayo wageni wamezoea kuiita Jumba la Kiangazi, nami nakuonya mapema kwamba ni habari ya miguu kuuma.

Nilikuwa nimepelekwa huko kwa mafunzo ya majuma matatu ya utunzaji wa hesabu na kumbukumbu za ofisi. Katika bweni letu nilimkuta mtu wa kwetu Uganda, Inspekta wa Polisi aliyekaribia kustaafu, ambaye alikuwa katika kozi nyingine. Sote tulimwita Afande. Naye aliposikia kwamba nilipata kufundisha shule ya msingi kabla ya kuingia ofisini, akaniita Mwalimu tangu siku hiyo. Jumamosi ya pili, asubuhi ya baridi ya mwezi wa Oktoba, tulishika treni ya chini ya ardhi mpaka kituo cha Xiyuan, tukatembea hadi lango la mashariki. Nilikuwa nimechukua mkate, mayai ya kuchemsha na chupa ya chai. Vilevile nilikuwa nimevaa viatu vipya, kosa ambalo nitalirudia baadaye.

Bustani hii iko kiasi cha kilomita 15 kutoka katikati ya mji, upande wa kaskazini magharibi. Eneo lake ni kama hekta 290, na robo tatu yake ni maji. Mfalme Qianlong ndiye aliyeanza kuijenga mwaka 1750 ili kumwadhimisha mama yake aliyekuwa akitimiza miaka 60. Ziwa dogo lililokuwapo likapanuliwa kwa majembe na vikapu, na udongo wake ukapandishwa juu ya kilima kilicho kando, kikaitwa Wanshou, yaani Kilima cha Maisha Marefu. Ziwa lenyewe linaitwa Kunming. Mwaka 1860 majeshi ya Uingereza na Ufaransa yaliichoma moto bustani yote, na kwa miaka zaidi ya ishirini ikabaki magofu na majani. Aliyeijenga upya ni Cixi, mama mtawala aliyeishika China mkononi kwa karibu miaka hamsini. Yeye ndiye aliyeipa jina la sasa mwaka 1888. Majeshi ya kigeni yaliiharibu tena mwaka 1900, naye akaitengeneza tena mwaka 1902. Mwaka 1924 milango ilifunguliwa kwa watu wote, na tangu mwaka 1998 bustani imo katika orodha ya urithi wa dunia.

Mbele ya ukumbi wa kwanza, ambamo Cixi alikuwa akipokea mawaziri na mabalozi, amesimama mnyama wa shaba mwenye kichwa cha joka, pembe za kulungu, mkia wa simba na kwato za ng'ombe. Wachina humwita qilin, mnyama wa heri katika hadithi zao. Nilimweleza Afande kwamba mwaka 1415 wajumbe kutoka Malindi, katika pwani yetu ya Afrika ya Mashariki, walimletea mfalme wa China twiga hai, na watu wa baraza lake wakamwita twiga yule qilin. Afande alimzunguka mnyama mara mbili, kisha akasema kwamba aliyemfananisha huyu na twiga alikuwa akitafuta kupandishwa cheo.

Hatua chache kutoka hapo, ukingoni mwa ziwa, kuna nyumba inayoitwa Yulan. Ukiingia uani na kuchungulia katika vyumba vya pembeni, utaona kuta za matofali zimejengwa mahali pasipostahili ukuta. Humo ndimo alimofungiwa Mfalme Guangxu, mtoto wa mdogo wake Cixi. Mwaka 1898 kijana huyo alijaribu kuleta mageuzi katika serikali, elimu na jeshi, na mageuzi yakadumu siku mia moja tu kabla shangazi wa upande wa mama hajayakomesha. Kila Cixi alipohamia bustanini, mfalme alihamishiwa katika nyumba hii na kuzibiwa njia. Guangxu alifariki tarehe 14 Novemba 1908, na Cixi akafariki kesho yake. Mwaka 2008 wataalamu waliozipima nywele zake walitangaza kwamba aliuawa kwa sumu. Afande, ambaye kazi yake ya miaka mingi ilikuwa upelelezi, alisimama mbele ya ukuta ule wa matofali kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote siku hiyo, ila pamoja tu.

Tulipotoka hapo tuliingia katika ushoroba mrefu unaofuata ukingo wa ziwa. Ushoroba huu umeezekwa kwa vigae, una nguzo za mbao zilizopakwa rangi, na urefu wake ni mita 728. Juu ya kichwa chako, kila boriti imechorwa picha: milima, maua, ndege, vita vya zamani na visa vya hadithi zao, na jumla ya picha hizo hupita 14,000. Nilianza kuzitazama moja moja kama mwalimu mwema, nikaacha kabla ya kufika mia kwa sababu shingo ilikataa. Starehe ya ushoroba si picha peke yake. Wazee walikuwa wameketi kati ya nguzo na wajukuu wao, wakimenya matango na kunywa maji ya moto. Mahali fulani kikundi cha akina mama kilikuwa kikiimba kwa sauti mbili bila haya yoyote. Mzee mmoja alikuwa na brashi ndefu kama ufagio, akiichovya katika ndoo ya maji na kuandika herufi za Kichina juu ya sakafu ya mawe. Alipofika mstari wa tatu, wa kwanza ulikuwa umekwisha kukauka, naye akarudi kuandika mwingine palepale.

Katikati ya ushoroba njia hugeuka kupanda kilimani, kwenye mnara uitwao Foxiang. Mnara una urefu wa mita 41, nao umesimama juu ya jukwaa la mawe la mita 20. Ngazi zake ni za kusimama kama ukuta. Afande ana goti lililoumia zamani kazini, nami nilimshauri abaki chini na chai. Akanijibu kwamba askari huhesabu ngazi akishafika juu. Tulipanda, tukapumzika, tukapanda tena huku watoto wakitupita mbio. Lakini ukishafika juu na kugeuka, unasahau jasho. Chini yako yapo mapaa ya vigae vya manjano na kijani, halafu ziwa zima limelala kama sinia, na mbali ng'ambo lipo daraja jeupe lenye matao, jembamba kama uzi. Upande wa magharibi ipo milima ya buluu na kijimnara juu ya mmojawapo, ambacho waliojenga bustani walikihesabu kama sehemu ya mandhari yao ingawa kiko nje ya ukuta.

Ni huko juu ndiko Afande aliponiuliza swali ambalo wageni wengi huliuliza: fedha za kujenga haya yote zilitoka wapi?

Jibu lake liko chini ya kilima, mwisho wa ushoroba, tukateremka kuliona. Ni meli ya mawe. Kiwiliwili chake, chenye urefu wa mita 36, kilijengwa tangu mwaka 1755, na sehemu ya juu iliungua mwaka 1860. Mwaka 1893 Cixi aliamuru ijengwe upya kwa ghorofa mbili za mbao zilizopakwa rangi zifanane na marumaru, na ubavuni ikawekewa magurudumu ya mawe, mfano wa meli za moshi za Ulaya. Haielei wala haiendi popote.

Mwaka 1885 China ilikuwa imeunda idara kuu ya jeshi la majini, kwa kuwa vita na Ufaransa vilikuwa vimeonyesha udhaifu wake baharini. Mkuu wa idara hiyo alikuwa Mwanamfalme Chun, baba mzazi wa Guangxu. Fedha zilizokusanywa kwa ajili ya manowari zilianza kupita njia nyingine, zikaingia katika bustani hii. Kiasi hasa wanahistoria wangali wakibishana, lakini kwamba zilipita hawabishani. Ili jambo lipate sura ya kazi, shule ya maofisa wa majini ilifunguliwa hapa hapa kando ya ziwa la Kunming. Wewe askari unayesoma haya ujue kwamba kina cha ziwa hilo kwa wastani ni kama mita moja na nusu.

Sherehe ya Cixi ya kutimiza miaka 60 ilipangwa kufanyika bustanini mwezi wa Novemba 1894. Tarehe 17 Septemba mwaka huo huo manowari za China zilikutana na za Japani karibu na mdomo wa mto Yalu, na China ikapoteza meli tano. Mwezi wa Februari 1895 zilizosalia zilisalimu amri huko Weihaiwei, na jemadari wao, Ding Ruchang, akajiua. Sherehe ilipunguzwa. Msomaji wa Kampala atakumbuka kwamba Ziwa la Kabaka kule Mengo nalo lilichimbwa katika miaka ileile, 1885 hadi 1888, kwa amri ya Kabaka Mwanga na kwa jasho la watu walioshurutishwa.

Tuliketi kwenye ukingo wa mawe kuitazama meli ile, nikafungua mayai na mkate. Sijui ni uchovu au ni kitu gani, nikamweleza Afande jambo ambalo sikuwa nimemweleza mtu. Nilipoanza kazi ya ukarani katika ofisi moja, niliwekewa mezani barua ya kuchapa. Ilikuwa ya kuhamisha fedha kutoka fungu moja hadi jingine. Fungu la kwanza lilikuwa la mabati ya nyumba za askari wa kituo kimoja cha polisi. Fungu la pili lilikuwa la mahema, viti na chakula cha sherehe ya siku moja. Niliichapa vizuri, bila kosa la herufi. Siku ya sherehe nilikula pilau, na ilikuwa tamu. Miezi baadaye nilipita kituo kile wakati wa mvua, nikaona sufuria zimepangwa sakafuni na mama mmoja amemfunika mtoto kwa turubai.

Afande hakusema neno. Alimaliza yai lake, akakusanya maganda yote katika karatasi, akasimama.

Kutoka hapo tulipanda mashua iliyotuvusha hadi kisiwa cha kusini. Dakika zile za kukaa majini bila kutembea zilikuwa tamu kuliko kitu chochote, nami nilivua viatu kwa siri. Malengelenge mawili yalikuwa yamekwisha kupasuka. Mama utakayekwenda huko na watoto, nakusihi: vaa viatu vya zamani, anza na ziwa, na kilima ukiache kwa wenye nguvu.

Kisiwa kimeunganishwa na nchi kavu kwa daraja lile tuliloliona kutoka juu. Lina urefu wa mita 150 na matao 17. Ukihesabu kutoka upande wowote, tao la katikati ni la tisa, na tisa ndiyo hesabu ya wafalme. Juu ya vichwa vya nguzo zake wamechongwa simba wa mawe 544, na inasemekana hakuna wawili wanaofanana. Siku za baridi kali mwezi wa Desemba, jua linapotua huingiza mwanga wake chini ya matao yote kwa pamoja, na wapiga picha hujazana ukingoni. Sisi tulipata jua la kawaida la Oktoba, nalo lilitosha. Afande alitembea polepole akigusa simba mmoja mmoja, nami nikadhani anawahesabu.

Mwisho wa daraja, upande wa mashariki, yuko ng'ombe wa shaba aliyelala akilitazama ziwa tangu mwaka 1755. Aliwekwa hapo alinde maji yasifurike, na mgongoni mwake yamechorwa maneno 80 ya Mfalme Qianlong. Watoto walitaka kumpanda, askari wa bustani akawakataza kwa upole.

Ilikuwa karibu saa kumi na mbili tulipotoka langoni. Tulikuwa tumetembea tangu saa tatu asubuhi, na njia ya kwenda kituoni niliiona ndefu kuliko ushoroba. Tuliteremka ngazi za kituo, mimi nikishika ukuta, Afande akishika goti.

"Mwalimu," akaniambia, huku tukingoja treni, "yalikuwa mabati mangapi?"

Nikamjibu kwamba yalikuwa 120.

"Nyumba nne," akasema. "Sisi tulikuwa familia sita."

Treni ikaingia. Ilikuwa imejaa, tukasimama mpaka mjini.