Namba za Herufi za Nyanya

Je, msomaji, umewahi kumwona mtu mzima akiionea wivu simu? Mimi nimemwona, tena nyumbani kwetu Bofu, kule Likoni.

Ilikuwa Jumapili baada ya chakula cha mchana. Mpwa wangu, msichana wa shule aliyezama katika filamu za Kikorea, alikuwa akiandika jina lake kwa herufi za huko. Anabonyeza moja, ya pili, ya tatu, mara zinajikusanya ndani ya kijumba kimoja cha mraba. Nyanya yangu, mwenye miaka 86, akainama kutazama.

“Na khati yangu mie, imo humo?”

Nyanya hakukanyaga shule. Alisoma chuoni, na Kiswahili chake chote, barua, madeni na mashairi, hukiandika kwa herufi za Kiarabu. Ana wasia aliowaandikia wajukuu, naye anataka unakiliwe vile vile. Mle nyumbani hakuna mwingine awezaye kuusoma. Mwaka 2009 nilipeleka ukurasa mmoja kwenye duka la kuchapa. Lo! Herufi zilitoka zimetawanyika, tena zimeanza kushoto. Nyanya akasema zinafanana na meno yaliyong’oka.

Kusema kweli, kompyuta haijui herufi, inajua namba. Tangu 1991 kuna orodha moja ya namba kwa maandishi ya dunia, iitwayo Yunikodi. Wakorea wana herufi 24 za msingi, lakini huziandika kwa mafungu, kila fungu silabi. Chukua sauti 19 za kuanzia, irabu 21, na namna 28 za kumalizia (kutokuwa na herufi ya mwisho ni mojawapo), uzidishe: 11,172. Mwaka 1996 silabi zote hizo zilipangwa humo, kila moja na namba yake. Bahati yao!

Za Nyanya hazihitaji ukarimu huo. Herufi ya Kiarabu hubadili umbo ikiwa mwanzoni, katikati au mwishoni mwa neno, lakini namba yake ni ile ile. Kuziunganisha ni kazi ya programu. Kumbe ile ya dukani haikuijua kazi hiyo!

Tatizo letu hasa ni sauti ambazo Kiarabu hakina. Wazee wengi wa pwani waliandika ba kwa b na p pia, na fa kwa f na v. Mgeni angeweza kusoma “bwani” badala ya “pwani”. Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa, aliyefundisha London na kufariki 2008, alichapisha pamoja na P. J. L. Frankl mwaka 1997 mapendekezo ya kuondoa utata huo. Herufi zenyewe zimo katika orodha: pa na cha ni za Waajemi, nga ya Wamalay. Sisi ni wapangaji tu, lakini nyumba ipo.

Basi tukaanza. Pa tuliikuta kwenye kibodi ya Kiurdu. Va ilijificha nyuma ya fa, hadi uikandamize kidogo. Mpwa akachapa, Nyanya akasoma kwa miwani.

“Mjukuu wangu, hapa umenitilia ba. Nukta mbili ziko wapi?”

Adhana ya Magharibi ilitukuta mstari wa nne. Wasia una kurasa 11, na mpwa ameahidi kuja tena Jumapili ijayo.