Donge la Uzi Lenye Jina la Biharusi



Leo tunataka kuzungumza nanyi habari ya donge la uzi. Msicheke. Sisi ni mawifi wawili wa Unguja tuliofuata waume zetu Makambako, na tuna kibanda cha cherehani. Tulikuja tukijua kushona madera na mabuibui tu. Kufuma tumefunzwa na baridi ya huku. Mwezi wa saba mtu wa kwetu haamini kama hii nayo ni Tanzania.

Uzi wa sweta tunaonunua huja kwa mafungu marefu. Ukianza kufuma bila kuukunja donge, utajifunga mafundo mpaka ulie. Basi mmoja wetu hunyoosha mikono akavishwa fungu, mwengine akakunja. Zungusha uzi kwenye vidole viwili mara ishirini hivi, uchomoe, kisha uzungushie juu yake, ukigeuza kila baada ya mizunguko michache ili liwe duara. Siri ni moja: usikaze. Uzi uliokazwa hunyooka, na nguo ikifuliwa hurudi ikawa ndogo.

Marekani wako waliokunja mpaka watu wakasimamisha magari kutazama. Mji mdogo wa Darwin, Minnesota, bwana Francis Johnson alianza kukunja kamba mwaka 1950 akaendelea miaka 29. Donge lake lina upana wa karibu mita 3.7 na uzito wa karibu tani 8. Cawker City, Kansas, Frank Stoeber alianza la kwake 1953 kwa kamba za mkonge, na hadi leo wageni huongeza. Tulicheka, kisha tukanyamaza. Miaka 29 mtu anakunja bila kufumua! Sisi tulishindwa wiki tatu.

Binti mmoja wa Unguja aliyekuwa anaolewa Njombe alituagiza shali jeupe la kujitanda siku ya nikaha. Akatoa arubuni. Shali limepita nusu, akaja mteja mwenye pesa zaidi, anataka vikofia na soksi nyeupe za watoto wachanga, haraka. Uzi mweupe ulikuwa umekwisha sokoni. Tukatazamana. Tukajiambia tutanunua mwengine mzigo ukifika. Usiku ule tukalifumua shali, tukakunja donge.

Alfajiri, baada ya sala, mmoja wetu alifungua msahafu pale alipoishia jana yake. Ilikuwa Surat An-Nahl, na aya ya 92 ikamsimamisha. Allah anatupigia mfano wa mwanamke aliyesokota uzi wake ukawa imara, kisha akaufumua mwenyewe, na makusudio ni watu wanaovunja viapo na ahadi. Donge lilikuwa juu ya meza, linatutazama.

Tulimrudishia yule mteja pesa zake. Hajarudi tena. Lakini uzi uliofumuliwa huwa na mawimbi kama nywele zilizotoka kwenye misuko. Lazima uurudishe fungu, uuloweke, uukamue taratibu, uutundike. Kwa baridi ile haukukauka siku mbili; tuliukalia karibu na jiko la mkaa. Ndipo tukakunja tena, tukaanza upya. Siku hazikutosha, shali likawa jembamba kuliko tulivyokubaliana.

Siku moja kabla ya nikaha tulipanda basi kwenda Njombe, mwendo wa kama kilomita 60. Tungeweza kusema uzi uliadimika, na usingekuwa uongo wote. Tukamweleza yote, tukamrudishia nusu ya pesa. Alinyamaza kitambo. Kisha akajitanda lile shali, akajitazama kwenye kioo.

"Mabega limefunika," alisema. "Ila mngeniambia mapema, dada zangu."

Neno hilo bado linatuuma, na bora lituume.

Siku hizi tukipokea arubuni, tunanunua uzi wote siku hiyo hiyo, tunaukunja madonge, na tunafunga kijikaratasi chenye jina la mwenyewe. Donge lenye jina haliguswi, hata aje nani na pesa ngapi. Nawe biharusi, ukitoa arubuni kwa fundi, omba kuuona uzi wako au kitambaa chako. Si kumdhania vibaya. Ni kumsaidia asiteleze kama tulivyoteleza sisi.

Allah atujaalie tuwe wenye kutimiza ahadi, na azibariki ndoa zenu. Amin.