Maradhi ya Gari Kuukuu
Dalili ya mvua ni mawingu, ila si kila wingu huleta mvua. Dereva wa teksi mwenye Toyota Corolla ya miaka ya 1990, akisikia injini ikipanda na kushuka gari likiwa limesimama, aghalabu hukimbilia kununua sensa. Karo ya mtoto huishia dukani, na maradhi hubaki pale pale.

Fundi mweledi huanza kwa kusikiliza. Injini baridi kuunguruma kwa kasi si ugonjwa. Ikishapata moto, yapasa itulie kwenye mizunguko ipatayo 800 kwa dakika. Isipotulia, huibana mipira ya hewa mmoja baada ya mwingine. Injini ikitulia mmoja unapobanwa, huenda hapo ndipo penye mwanya unaoingiza hewa ya wizi. Mwanya usipopatikana, husafisha masizi kwenye lango la hewa na kwenye vali inayodhibiti mwendo huo wa chini. Plagi nazo hukaguliwa. Sensa hupimwa kwa mita kabla ya kuhukumiwa.

Hatua hizi za mwanzo hazihitaji kipuri chochote kipya. Zahitaji sikio, subira na muda, navyo ndivyo mwenye gari humnyima fundi anapomhimiza afanye haraka.