Chombo na Chachu Yake

Huenda msomaji akashangaa kumwona mtu aliyezeekea katika chuo cha ualimu akiandika habari za kuosha mapipa ya pombe. Simshauri mtu yeyote kunywa, na wale ambao dini zao zimewakataza wana haki ya kuziruka kurasa hizi. Lakini kwetu Uchagani mbege ilikuwapo kabla ya shule, na karo za wengi wetu, yangu ikiwamo, zilitoka ndani ya pipa la mama. Jambo lililolisha na kusomesha watu namna hiyo linastahili kufikiriwa kwa makini.

Kwa wasioijua mbege, nieleze kwa ufupi. Ndizi mbivu humenywa na kuchemshwa kwa saa nyingi mpaka ziwe rojo jekundu, kisha huachwa zichachuke kwa muda wa wiki moja hivi. Huongezwa maji, huchujwa, na kile kinachopatikana huchanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Magome ya msesewe huipa uchungu wake. Kesho yake pombe iko tayari, na keshokutwa imeanza kuwa kali mno. Katika safari hiyo hupitia sufuria, pipa, chujio, ndoo na kata. Kila chombo ni mlango, na kwa kila mlango huweza kuingia mgeni asiyealikwa.

Wanachuo wangu nilizoea kuwaambia kwamba neno "safi" lina maana mbili, na mwalimu asiyezitenganisha atawafundisha watoto nusu ya somo. Kuna kuosha, yaani kuondoa kile kinachoonekana: masimbi, mafuta, utando ulioganda kwenye kingo. Kuna pia kuua vijidudu ambavyo jicho halivioni. Kazi hizi mbili hazibadilishani nafasi. Anayemwaga maji ya moto au dawa juu ya utando mkavu hajafanya kitu, kwa kuwa vijidudu hujificha chini yake kama panya chini ya nyasi za paa, na dawa nayo humaliza nguvu zake kwa kupambana na uchafu. Kwanza uoshe, usuuze, ndipo uue.

Binadamu walichelewa kulitambua jambo hili. Mwaka 1847, katika hospitali moja ya Vienna, daktari Semmelweis aliwataka wenzake wanawe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwagusa wazazi, na vifo vya akina mama vikapungua sana. Hata hivyo wengi walimpinga. Mwaka 1876 Pasteur, Mfaransa, alitoa kitabu kizima juu ya bia, akieleza kwamba pombe inayoharibika imeingiliwa na viumbe wadogo wasiotakiwa. Kwa hiyo bibi zetu, waliopika pombe bila kuambiwa habari za vijidudu, hawana sababu ya kuonewa aibu.

Na kwa kweli bibi zetu walijua mengi. Walisugua kwa majivu na dodoki. Majivu ya kuni yana chumvi ya magadi inayokata mafuta, nayo yalifanya kazi hiyo kabla ya sabuni ya duka kufika. Mchanga walioutumia kwenye vyungu ndio usiofaa kwa ndoo na mapipa yetu ya plastiki, kwa sababu huyachora, na kila mchoro ni pango la vijidudu. Plastiki isuguliwe kwa kitambaa laini na sabuni, isuuzwe mpaka harufu ya sabuni iishe, na ikishajaa michoro ihamishiwe kazi ya kubebea maji ya bustani.

Baada ya kuosha, dawa iliyo rahisi kuliko zote ni maji yanayochemka. Huku kwetu mlimani, penye mita 1500 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi za Sentigredi wala hayafiki 100, lakini yanatosha kwa kazi hii yakipewa dakika kadhaa. Sufuria, kata na kitambaa cha kuchujia vichemshwe. Chupa ya kioo ipashwe moto polepole, maana kioo baridi kikimwagiwa maji yanayotokota hupasuka mikononi. Plastiki nyepesi hujipinda, nayo itafutiwe dawa ya klorini ile ya kufulia nguo nyeupe, isiyo na manukato. Kijiko kimoja cha chakula katika lita 4 za maji baridi kinatosha. Chombo kikae ndani yake dakika 20, kisha kisuuzwe kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, kwani maji ya mfereji yatarudisha kile ulichokwisha kukiondoa. Kisha kiinamishwe kikauke chenyewe. Ukikifuta kwa kanga ya kiunoni umeanza upya.

Jambo moja nalisisitiza kwa sababu linaweza kuua. Dawa hiyo isichanganywe kamwe na siki, ndimu wala dawa ya kusafishia choo. Wapo wanaodhani kwamba dawa mbili zina nguvu kuliko moja. Klorini ikikutana na asidi hutoa hewa inayokaba mapafu, hewa ileile iliyotumiwa kama silaha huko Ypres, Ubelgiji, mwezi wa Aprili 1915. Jiko dogo lenye mlango uliofungwa halihitaji hewa nyingi ya namna hiyo.

Nilipomweleza jirani yangu mmoja, mpishi hodari, mambo haya yote, alinisikiliza kwa adabu kisha akasema, "Mwalimu, nikiosha hivyo pombe yangu haitaumuka. Pipa hili lina chachu yake." Sikumcheka, maana alisema kweli. Chombo kilichopikiwa miaka mingi hubeba chachu katika kuta zake, na hiyo ndiyo huipa pombe ya nyumba fulani ladha yake. Tatizo ni kwamba kuta zilezile hubeba pia vijidudu vinavyogeuza pombe kuwa siki, na vingine vibaya zaidi, navyo havitengani kwa kuambiwa. Nikamshauri achote kikombe kimoja cha pombe yake inapokuwa nzuri kabisa, akitie katika chupa iliyochemshwa, akifunike bila kukikaza ili hewa ipate kutoka, kisha aoshe pipa mpaka ling'are. Siku chache baadaye, atakapopika tena, airudishe chachu yake. Alijaribu, na pombe ikaumuka.

Tangu siku hiyo nimefikiri mara nyingi juu ya chachu na chombo. Tunapobishana juu ya mila, upande mmoja hutaka kutupa vyote na mwingine hutaka visiguswe. Mzee anayekataa pipa lisioshwe anaogopa kupoteza chachu, na kijana anayetaka litupwe ameona uchafu tu. Inafaa tujue kipi ni kipi.

Lakini yapo mapipa ambayo hakuna kuosha kunakoyafaa. Miaka kadhaa iliyopita, katika ukoo wetu, iliandaliwa pombe ya mahari. Mama mmoja mjane alipewa kazi ya kupika, naye alitia humo akiba yake yote ya ndizi na ulezi. Nilipofika niliona pipa jipya la plastiki, na ubavuni mwake alama iliyofifia ya fuvu na mifupa. Lilikuwa la dawa ya kunyunyizia mibuni, aliuziwa mnadani kwa bei nafuu. Nilimwita kando.

"Mwalimu," akaniambia, "nimeliosha kwa majivu mara saba."

"Mama, sina shaka na mikono yako," nikamjibu. "Nina shaka na pipa."

Dawa za wadudu huingia ndani ya plastiki yenyewe na kutoka kidogo kidogo, hasa zikikutana na kitu chenye ukali kama pombe. Wakulima huelekezwa kusuuza vyombo hivyo mara tatu, lakini kusuuza huko ni kwa ajili ya kuvitoboa na kuviteketeza inavyotakiwa, wala hakuvirudishi jikoni. Wazee walikasirika. Mmoja alijitolea kuionja mbele ya watu wote. Mwisho pombe ilimwagwa, wakwe wakapewa soda, na yule mama akalia. Jioni tulipitisha kofia, tukamrudishia ndizi zake, ulezi wake na bei ya pipa. Wapo wanaosema hadi leo kwamba niliharibu pombe nzuri, na sina ushahidi wa kuwanyamazisha, kwani hakuna aliyeugua. Nami nauona huo kuwa ushindi wa kutosha.

Yule mzee aliyetaka kuonja alinifikirisha zaidi. Desturi yetu ni kwamba mwenyeji hunywa kwanza, ili mgeni ajue kuwa hakuna sumu. Ni desturi nzuri, lakini huthibitisha nia tu. Januari 2015, katika mji wa Chitima, mkoa wa Tete nchini Msumbiji, watu 75 walikufa kwa pombe ya kienyeji iliyonywewa msibani, na aliyeipika alikuwa miongoni mwao. Watu walisema ni nyongo ya mamba, yaani kuna adui aliyeitia. Uchunguzi wa maabara ulionyesha jambo jingine: unga wa mahindi ulioharibika, ulioota bakteria wanaotengeneza sumu ambayo hata kuchemsha hakuiondoi. Pale hapakuwa na adui. Mpishi aliinywa kwa moyo safi, akafa.

Somo hili nalirudia kila ninapopata wasikilizaji. Vyombo vikitakaswa kwa uhodari wote, havitauokoa unga wenye ukungu. Pipa la bati lenye zinki nalo halifai, kwa maana ukali wa pombe huimumunya zinki na kuwatapisha wanywaji. Usafi huanza sokoni, wakati wa kuchagua nafaka na chombo, na mwenye kuupuuza pale hawezi kuununua baadaye kwa klorini.

Waswahili husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa uzoefu wangu, wapishi wetu husifiwa kwa utamu na kulaumiwa kwa uchungu, lakini ni nadra mno mtu kuwasifu kwa pipa lililooshwa vizuri. Tunapopokea kata, tuulize pia iliyomo imepikwa katika chombo gani, na tukijibiwa vema tushukuru kwa sauti. Mama zetu wanaamka alfajiri kusugua vitu ambavyo hakuna atakayeviona, na kazi ya namna hiyo, kama ile ya mwalimu wa darasa la kwanza, huonekana tu siku isipofanywa.