Dende Mwenye Meno Mabovu

Huko Kivu ya Kusini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, simbilisi huitwa dende, na makao yake ni jikoni. Hulala karibu na mafiga, hula maganda na majani ambayo watoto huyaleta kutoka shambani, na hatimaye huingia chunguni. Katika vita vilivyoanza mwaka 1996 na kumalizika rasmi mwaka 2003, ng'ombe na mbuzi wengi waliporwa. Dende alisalimika mara nyingi, kwani ni rahisi kumficha, na anayekimbia aweza kumchukua kapuni. Kwa hiyo hakuna anayemdharau mnyama huyu. Lakini kumpeleka kwa daktari ni jambo jingine.

Ndivyo walivyoona majirani wa bibi mmoja, mwalimu mstaafu, mjini Bukavu mwaka 2022. Bibi huyo alikuwa akiishi na mjukuu wake wa kike, mwenye umri wa miaka 11, na mtoto huyo alikuwa na dende jike mmoja, mweupe mwenye doa jeusi jichoni, ambaye tangu siku ya kwanza ilikubaliwa kwamba hataliwa. Alilazwa ndani ya kasha la mbao. Kwa kuwa nyumba yao ilikuwa mlimani, katikati ya nyumba nyingine zilizobanana, nyasi hazikuwapo karibu; mnyama akalishwa mkate, makombo ya ugali, karoti zilizomenywa na ndizi mbivu. Wenzake wa vijijini, ambao siku zao zilikuwa za kuhesabika, walikuwa wakitafuna majani magumu kutwa kucha. Yeye aliyependwa alipewa vyakula laini.

Simbilisi ana meno 20: manne ya mbele, na magego 16 yaliyojificha ndani kabisa mwa kinywa. Yote hukua maisha yake yote, na kinachoyapunguza ni kusagana yenyewe kwa yenyewe wakati mnyama anapotafuna nyasi. Mkate haumlazimishi kutafuna sana. Magego yasiposagika hurefuka na kuota ncha; yale ya chini huinamia ndani, kuelekea ulimi, na ya juu huelekea mashavuni. Si chakula peke yake kiletacho balaa hili: wengine huzaliwa na taya lisilolingana, na wengine hukosa vitamini C, ambayo mwili wa simbilisi, kama wa binadamu, hauwezi kuitengeneza. Akiikosa, fizi hudhoofika na meno hulegea.

Dalili zilianza kidogo kidogo. Dende alikuwa akikimbilia chakula kwa hamu, akakinusa, akachukua jani, kisha akaliangusha. Kidevu chake kilikuwa kimelowa. Bibi alidhani amedeka na kwamba anachagua chakula. Mtoto alishikilia kwamba ana njaa, na mtoto ndiye aliyekuwa na haki. Walipompima kwa mizani ya muuza maharage alikuwa na gramu 610. Baada ya majuma mawili akawa na gramu 500. Mnyama mdogo namna hii hana akiba ya kungojea. Asipokula kwa siku moja tu, matumbo yake huanza kusimama, na hapo kifo hakiko mbali.

Jirani mwenye nia njema alileta vidonge vya amoksilini vilivyobaki nyumbani kwake, akashauri robo ya kidonge isagwe majini. Bibi akaviweka kabatini hadi jioni. Ni bahati kubwa kwamba mchana ule alikwenda kwanza kumwuliza daktari wa mifugo. Dawa za jamii ya penisilini, simbilisi akinyweshwa, huua vijidudu vyema vinavyomsaidia kuyeyusha majani tumboni, na aghalabu humwua mnyama mwenyewe. Dawa ambayo mtoto mchanga hupewa bila hofu, kwa dende ni sumu.

Daktari aliyatazama meno ya mbele kwa kitambo kidogo tu. Kinywa cha simbilisi ni chembamba, na anayeishia kuyatazama meno ya mbele hujidanganya. Alimulika ndani kwa taa ndogo, akamwita mtoto aone: magego mawili ya chini yalikuwa yamekutana juu ya ulimi kama daraja, na ulimi umebanwa chini yake. Mnyama hakuweza kumeza.

"Tunaweza kuyakata kwa koleo, Daktari?" Bibi aliuliza, maana aliwahi kuona mtu akifanya hivyo kwa sungura.

"Hapana, Mwalimu. Jino litapasuka mpaka kwenye mzizi."

Ilihitajika tupa ndogo izungukayo kwa umeme, na mnyama alale kwa dawa ya usingizi, na huenda asiamke. Tena, daktari alisema waziwazi, meno yatarefuka upya, na kazi hiyo itarudiwa kila baada ya majuma kadhaa, pengine maisha yote. Jirani mmoja aliposikia alicheka: "Mwalimu, mnyama wa nusu kilo unamlipia upasuaji?" Si swali la kipumbavu, katika mji ambao watu wengi hukosa fedha za kumlipia mgonjwa wao wenyewe. Bibi hakumjibu. Alikubali mara moja, kwa sharti kwamba mara ya pili itafikiriwa upya.

Dende aliamka. Kazi ya nyumbani ndipo ilipoanza. Kwa siku saba alilishwa kwa bomba lisilo na sindano, mara tano kila siku, mara ya mwisho ikiwa saa nne za usiku na ya kwanza kabla ya mapambazuko. Majani yalitwangwa na kulainishwa kwa maji, pamoja na kipande kidogo cha pera, tunda lenye vitamini C nyingi. Ncha ya bomba hupitishwa pembeni, nyuma ya meno ya mbele, na hutolewa tone kwa tone mnyama apate kumeza. Akisukumiwa kwa nguvu, chakula huingia mapafuni. Mtoto alijifunza upesi kuliko bibi yake, ambaye mikono yake ilikuwa ikitetemeka.

Mkate ulikoma. Kila siku baada ya shule mtoto aliteremka upande wa ziwa na gunia, akakata nyasi, na sehemu yake ikaanikwa kwa ajili ya siku za mvua.

Meno yalikatwa tena baada ya majuma saba, na mara ya tatu baada ya majuma kumi. Ndugu wa kijijini waliomba dende huyo apandishwe ili wapate watoto wake weupe. Bibi alikataa, kwa kuwa ubovu wa taya waweza kurithiwa. Kabla ya mara ya tatu alimketisha mjukuu wake wakapatana: ikiwa baada ya kukatwa meno mnyama atakataa nyasi kwa siku tatu, na uzito ukashuka chini ya gramu 450, daktari ataombwa amlaze moja kwa moja, bila maumivu. Mtoto alilia, kisha akauandika mpango huo katika daftari lake la hesabu, chini ya safu ya uzito wa kila Jumamosi: 500, 480, 515, 540, 560, 530, 545.